Vijiti 528 kwa mwaka: hesabu ya kumfuatilia mgonjwa wa lupus kutoka Burungu

Jedwali ambalo madaktari wengi duniani hulitumia kupima ukali wa lupus linaitwa SLEDAI-2K. Lilitolewa na watafiti wa Toronto, Kanada, mwaka 2002, na lina vipengele 24 vyenye jumla ya alama 105. Degedege hupewa alama 8, viungo vilivyovimba 4, upele 2, homa 1. Zipange alama hizo upya kwa kuuliza kila moja inadai chombo gani, na utakuta vipengele viwili tu vinavyohitaji maabara ya kinga ya mwili: protini za komplementi zilizoshuka, na kingamwili dhidi ya DNA zilizopanda. Kila kimoja kina alama 2. Alama 101 zilizobaki hutafutwa kwa sehemu kubwa kwa macho, mikono, kifaa cha kusikilizia kifua, hadubini na hesabu ya chembe za damu.

Burungu ni kijiji cha eneo la Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye barabara ya Kitchanga, ile inayopanda kutoka Sake kupitia Kilolirwe. Kufika Goma, kwenye maabara kubwa na madaktari bingwa, ni zaidi ya kilomita 60 za milima na vizuizi. Mwenye lupus huko huambiwa mapema kwamba ugonjwa wake ni wa mjini: vipimo viko Goma, au Kigali, au Kampala. Hesabu inasema vingine. Kinachohitaji mji ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kazi ndogondogo za kurudiwa kila mwezi, na hiyo ndiyo inayokosa bajeti.

Wagonjwa wangapi?

Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ngozi, viungo, damu, figo, moyo na ubongo wa mwenyewe. Mapitio ya tafiti za dunia yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikadiria wagonjwa 43.7 kwa kila watu 100,000, yaani watu milioni 3.41 duniani. Kwa wanawake ni 78.73 kwa kila 100,000. Kwa wanaume 9.26. Makadirio hayo yana upana mkubwa: yanaanzia karibu 16 na kufika 109 kwa kila 100,000, kwa sababu nchi nyingi, nyingi zikiwa za Afrika, hazijawahi kuhesabu.

Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519, na 34 kati yake ziko Kivu Kaskazini. Zoni ya vijijini hupangwa kuhudumia watu wasiopungua 100,000, na kila kituo cha afya ndani yake watu wapatao 10,000. Kwa wastani wa dunia, basi, zoni moja ina wagonjwa 44. Maeneo jirani ya Masisi na Walikale yana zoni nane: Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi upande mmoja, Walikale, Kibua, Pinga na Itebero upande wa pili. Zidisha 44 kwa 8, unapata wagonjwa 352, hata kama kila zoni ingekuwa na watu 100,000 tu.

Namba hiyo inaweza kuvutwa pande mbili. Upande wa kuishusha, karibu nusu ya Wakongo hawajafika miaka 15, na lupus huwapata zaidi wanawake wa miaka 15 hadi 44. Upande wa kuipandisha, rejista za Marekani zimekuta wagonjwa 230.9 kwa kila wanawake weusi 100,000, karibu mara tatu ya wanawake weupe wa nchi hiyohiyo. Kwa miaka mingi Afrika yenyewe ilidhaniwa imesalimika. Mwaka 1968 daktari Mwingereza aliyefanya kazi Nigeria, Brian Greenwood, alipendekeza kwamba malaria na vimelea vingine huenda vinaikinga miili ya Waafrika na magonjwa ya aina hii. Nadharia hiyo bado inachunguzwa maabara, lakini wodini ilizaa mazoea mabaya: daktari asiyeitarajia lupus haitafuti, na asipoitafuta haihesabiwi. Tubaki na 44 kama namba ya kufanyia kazi.

Wapya nao ni 5.14 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Zoni moja inatarajia wagonjwa wapya watano kila mwaka. Hata kituo chenye wauguzi wawili kinaweza kubeba mzigo wa namna hiyo.

Kumtambua: kipimo cha mara moja

Lango la utambuzi ni kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli. Kwa vigezo vya mwaka 2019, vilivyoandikwa na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani, mgonjwa lazima awe na ANA ya angalau 1:80, kisha akusanye alama 10 au zaidi. ANA hupatikana kwa karibu wagonjwa 98 kati ya 100 wa lupus. Ikikosekana, fikiria ugonjwa mwingine.

Tatizo liko upande wa pili. Utafiti wa mwaka 1997 ulikuta ANA ya 1:80 kwa asilimia 13.3 ya watu wenye afya njema. Ukiwapima watu wote 100,000 wa zoni, utapata zaidi ya 13,000 wenye ANA, na 44 tu kati yao ndio wenye lupus. Ukiwapima wanawake 1,000 kwa sababu tu wanaumwa magoti, utawatia hofu zaidi ya 130 bure. Malaria na kifua kikuu, magonjwa ya kila siku Masisi, nayo huweza kuamsha ANA. Kipimo hiki si cha kumwagiwa watu. Huagizwa baada ya mgonjwa kuangaliwa na alama zake kujumlishwa.

Na alama zinajumlishika hapohapo kijijini. Upele wa mashavuni uliotanda kama kipepeo una alama 6. Viungo viwili au zaidi vilivyovimba vina 6. Hizo tayari ni 12. Protini ya mkojo inayozidi nusu gramu kwa siku ina 4, chembe nyeupe zilizopungua 3, chembe za kugandisha damu zilizopungua 4, maji kwenye kifua au kwenye mfuko wa moyo 5. Mwanamke mwenye upele na viungo vilivyovimba amebakiwa na ANA tu, mara moja maishani. Mwenye protini na chembe nyeupe chache ana 7, na huyo ndiye anayestahili vipimo vya ziada.

Tuseme daktari anapeleka damu za watu 10 wenye dalili nzito kwa kila mgonjwa mmoja wa kweli. Wagonjwa wapya watano watahitaji vipimo 50 vya ANA kwa mwaka, kwa zoni nzima. Mirija 50 ya damu inaingia kwenye sanduku moja la barafu.

Kabla ya mirija hiyo kuondoka, kuna vipimo vya bei ndogo visivyorukwa: malaria, virusi vya UKIMWI, homa ya ini, kifua kikuu. Kipimo cha kaswende nacho kinaweza kudanganya, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wa lupus hutoa jibu la kaswende wasiyokuwa nayo. Mke anaweza kurudi nyumbani na aibu isiyo yake. Na pale mtu anapokonda miezi mitano, nywele zinakatika, homa inakuja na kwenda, familia nyingi za Kivu hutamka neno karuho, sumu ya kienyeji, na fedha za kwanza huishia kwa mganga. Mwezi uliopotea huko ni mwezi ambao figo ziliharibika bila kupimwa.

Alama 101 na sharti lake

Turudi kwenye jedwali la ufuatiliaji. Vipengele vinane vya ubongo na mishipa vina alama 8 kila kimoja: degedege, kuchanganyikiwa, kiharusi na vingine. Vinne vya mkojo vina 4 kila kimoja: chembe nyekundu, chembe nyeupe, vijibomba vya seli vinavyoonekana kwa hadubini, na protini. Viungo 4, misuli 4. Upele, nywele, vidonda vya mdomoni, kifua na mfuko wa moyo vina 2 kila kimoja. Homa, chembe nyeupe za damu na chembe za kugandisha damu vina 1 kila kimoja. Jumla 101.

Si vyote ni rahisi. Uharibifu wa jicho unahitaji kifaa cha kuangalia ndani ya mboni; uvimbe wa misuli unahitaji kipimo cha kimeng'enya. Lakini hospitali kuu ya rufaa yenye hadubini, mashine ya chembe za damu na eksirei inafika mbali. Wanasayansi wa Mexico walilitambua hilo mapema: mwaka 1992 walichapisha toleo lao la jedwali, Mex-SLEDAI, lililoacha kabisa vipimo vya kinga ili litumike pasipo na fedha.

Tafsiri ya dunia ya hali ya kutulia inaelekea hukohuko. Maafikiano ya kimataifa ya DORIS ya mwaka 2021 yanasema mgonjwa ametulia ikiwa alama zake za dalili ni sifuri, tathmini ya jumla ya daktari iko chini ya 0.5 kwenye kipimo cha 0 hadi 3, na prednisoloni, dawa ya steroidi, haizidi miligramu 5 kwa siku. Majibu ya komplementi na ya kingamwili za DNA hayamo katika masharti. Yakibadilika, daktari hukaza macho na kumwita mgonjwa mapema. Haongezi dawa kwa ajili ya karatasi ya maabara peke yake.

Sharti la alama 101 ni kuondoa maambukizi kwanza. Degedege Masisi inaweza kuwa malaria ya ubongo. Chembe nyeupe za mkojo zinaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, chembe nyekundu zinaweza kuwa kichocho au hedhi. Kumpa prednisoloni nyingi mtu mwenye malaria kwa kudhani lupus imepanda ni kumhatarisha. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha ufuatiliaji wa lupus huko ni kipimo cha haraka cha malaria, ambacho vituo tayari hukitumia.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika. SLEDAI-2K huangalia siku 30 zilizopita. Mgonjwa anayekwenda Goma mara nne kwa mwaka huonekana kwa siku 120 kati ya 365, theluthi moja ya mwaka. Theluthi mbili hazina shahidi. Figo za lupus haziumi, na shinikizo la damu halipigi hodi. Anayeweza kuziba pengo hilo ni muuguzi aliye karibu, na hahitaji kujua jedwali lote.

Kapu la mwaka mzima

Muuguzi huyo anahitaji nini? Tuanze na mkojo, kwa kuwa figo huguswa kwa takriban wagonjwa 40 kati ya 100. Kwa zoni yetu ni 18 hivi kati ya 44. Kijiti cha kupimia mkojo, ambacho hospitali za Kongo hukiita bandeleti, kinapobadilika rangi hadi alama moja ya protini kinaonyesha takriban gramu 0.3 kwa lita. Alama mbili, gramu 1. Alama tatu, gramu 3. Kijiti kimoja kwa mwezi kwa wagonjwa 44 ni vijiti 528 kwa mwaka. Ni vichupa sita vya vijiti 100, na vijiti 72 vinabaki vya kurudia.

Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kiwango ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwanamke wa kilo 50 anahitaji miligramu 250. Kwa vidonge vya 200 ni vidonge 456 kwa mwaka. Wagonjwa 44 wanahitaji vidonge 20,064. Toa maboksi, uzito wake haufiki kilo 10. Dawa ya mwaka mzima ya zoni yote inabebwa na pikipiki moja katika safari moja.

Prednisoloni ya miligramu 5 kila siku kwa wote ni vidonge 16,060. Kuhesabu chembe za damu na kupima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, mara nne kwa mwaka ni jozi 176 za vipimo, tatu au nne kwa wiki kwa hospitali nzima.

Sasa tuweke bei. Hizi ni za kukokotolea tu. Anayeijua bei ya soko lake aiweke mahali pake, mantiki haitabadilika. Tuseme kichupa cha vijiti kinafika kituoni kwa dola 15: sita ni dola 90. Tuseme kidonge cha haidroksiklorokwini ni senti 15 za dola: 20,064 ni dola 3,010. Prednisoloni kwa senti 3 ni dola 482. Jozi ya vipimo vya damu kwa dola 5 ni dola 880. Jumla ni dola 4,462 kwa mwaka, au dola 101 kwa mgonjwa. Ukiigawa kwa watu 100,000 wa zoni, kila mkazi anachangia senti nne na nusu kwa mwaka.

Kwa mgonjwa peke yake, dola 101 ni nyingi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo 73.5 kati ya 100 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku, yaani chini ya dola 785 kwa mwaka, na dola hizo ni za uwezo wa kununua, kwa hiyo zile za mkononi ni chache zaidi. Mgonjwa angetoa si chini ya asilimia 13 ya kipato chake, kila mwaka, maisha yote. Mzigo ambao zoni nzima haiuhisi unamvunja mgongo mtu mmoja.

Muda wa wauguzi pia unahesabika. Mahudhurio 528 kwa mwaka ni 44 kwa mwezi. Yakigawanywa kwa vituo kumi, kila kituo kinapokea wagonjwa wanne au watano kwa mwezi. Kila mmoja anapimwa uzito, presha, mkojo, anaulizwa maswali machache na kuandikwa kwenye fishi, yaani kadi, yake. Kupelekwa hospitali kunaamuliwa na mistari michache: protini ya alama mbili iliyojirudia, presha ya 140/90 au zaidi isiyokuwepo kabla, uso au miguu iliyovimba, kukosa pumzi, degedege, mimba.

Nauli inakula dawa

Hesabu huharibika barabarani. Tuseme safari moja ya mgonjwa wa Burungu kwenda Goma na kurudi, pamoja na pikipiki, chakula, malazi na vizuizi, ni dola 50. Safari nne kwa mwaka ni dola 200, karibu mara mbili ya kapu lake lote la dawa na vipimo. Hata bei ya dawa ikiongezeka maradufu, gharama ya haidroksiklorokwini kwa mwaka ni dola 137 tu. Bado nauli iko juu.

Tuchukue vipimo vya alama zile 4. Komplementi na kingamwili za DNA mara mbili kwa mwaka ni mirija 88 ya zoni nzima. Kama kila mgonjwa anapeleka damu yake mwenyewe, ni safari 88, dola 4,400. Kama hospitali inatenganisha maji ya damu, inayaweka kwenye sanduku la barafu na kulituma mara moja kwa mwezi na mirija saba au minane, ni safari 12, dola 600. Tofauti ni dola 3,800, nayo inazidi bei ya haidroksiklorokwini ya wagonjwa wote 44. Pikipiki za chanjo hupita njia hizohizo. Sanduku la pili nyuma yake si mradi mpya.

Vipimo vyenyewe bado ni ghali. Tuseme ni dola 40 kwa mrija: 88 ni dola 3,520. Fedha hizo zinanunua alama 4. Dola 4,462 za kapu zinanunua dawa zote na ufuatiliaji wa sehemu kubwa ya alama 101. Havifai kutupwa, hasa kwa mwenye figo zilizoguswa na kwa mjamzito. Lakini havifai kuwa vya kwanza.

Macho nayo yana ratiba inayookoa nauli. Haidroksiklorokwini inaweza kudhuru retina, lakini kwa kiwango kisichozidi miligramu 5 kwa kilo, hatari iko chini ya asilimia 2 katika miaka 10 ya mwanzo. Baada ya miaka 20 inakaribia asilimia 20. Mgonjwa huangaliwa mwanzoni, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano. Mwenye figo dhaifu huanza mapema. Kumwita kila mtu Goma kwa daktari wa macho tangu mwaka wa kwanza ni kutumia nauli isiyohitajika.

Barabara inapofungwa

Kitchanga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2023. Oktoba mwaka huohuo mapigano yalirudi katika eneo hilo. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ilianguka, uwanja wa ndege ukafungwa. Hospitali za Mweso na Masisi, zinazosaidiwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka, zimepokea majeruhi mafuriko kwa mafuriko. Mpango wa lupus unaodhani barabara iko wazi haukuandikwa kwa ajili ya Masisi.

Dawa hizi mbili hazikatiki kwa namna moja. Haidroksiklorokwini hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huondoka katika siku 40 hivi. Wiki mbili bila kidonge si janga, ingawa miezi miwili inaweza kuamsha ugonjwa. Prednisoloni, ambayo ndiyo ya bei ndogo zaidi, haivumilii. Mwili uliozoea kuipata kwa wiki nyingi umeacha kutengeneza homoni yake. Ikikatika ghafla, mtu anaweza kuanguka kwa shinikizo la chini na kufa njiani, na aliye naye akadhani ni uchovu wa kukimbia.

Akiba ya siku 30 kwa mwanamke wa kilo 50 ni vidonge 38 vya haidroksiklorokwini na 30 vya prednisoloni. Vidonge 68 vinakaa kwenye mfuko mdogo pamoja na fishi. Kwa bei zetu za mfano, havifiki dola 7. Fishi hiyo iandikwe uzito, dozi, presha, mkojo, kreatinini na tarehe, na ikae kwa mgonjwa; faili la hospitali halikimbii na mtu.

Jua nalo halijali mstari wa mbele. Shirika la Afya Duniani linasema mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Milima mingi ya Masisi inapita mita 1,500, karibu kabisa na ikweta, na mwanamke anayelima maharage na viazi hawezi kuambiwa abaki ndani. Kofia pana, mikono mirefu na kulima kabla ya saa nne asubuhi havigharimu kitu, na havina budi kuwemo kwenye maelezo ya muuguzi.

Gharama ya kuchelewa

Mwaka 1955 watafiti wa Johns Hopkins nchini Marekani waliripoti kwamba nusu tu ya wagonjwa wa lupus, asilimia 51, walikuwa hai baada ya miaka minne. Mapitio ya baadaye yamekuta asilimia 92 wako hai baada ya miaka mitano katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao ni waliofika hospitali zinazoandika tafiti.

Figo zinapoguswa, matibabu bado yanawezekana. Utafiti wa Euro-Lupus wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba dripu sita za saiklofosfamaidi, miligramu 500 kila wiki mbili, gramu 3 kwa jumla, zinafanya kazi sawa na dozi kubwa za zamani. Ni dawa ya zamani, isiyo na hakimiliki, inayotolewa hospitali yenye daktari makini. Kabla yake mgonjwa atafutiwe kifua kikuu na minyoo ya strongiloidi, ambayo dawa za kushusha kinga huweza kuiachia isambae mwili mzima.

Figo zikiharibika kabisa, hesabu inabadilika sura. Bima ya zamani ya Kenya, NHIF, ililipa shilingi 9,500 kwa kusafisha damu mara moja, mara mbili kwa wiki. Mara 104 kwa mwaka ni shilingi 988,000, zaidi ya dola 7,500 kwa mgonjwa mmoja kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola. Kwa kapu letu la dola 101, fedha hizo zinawatunza wagonjwa 74 kwa mwaka. Kwa mtu wa Burungu hakuna hata nafasi ya kulipa deni hilo: kusafisha damu mara mbili kwa wiki ni kuhamia mjini moja kwa moja.

Mwisho kabisa wa ngazi ya bei kuna dawa kama belimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa bei ya takriban dola 35,000 kwa mwaka wa kwanza. Kwa bei zetu, fedha za mgonjwa mmoja zingenunua haidroksiklorokwini ya mwaka kwa zaidi ya wagonjwa 500. Hao ni wengi kuliko makadirio yetu ya Masisi na Walikale yote.

Fedha zitangulie wapi?

Mfadhili au daktari mkuu wa zoni akipata dola 1,000 kwanza, anunue vijiti, mashine za presha zinazofanya kazi, na akiba ya prednisoloni kila kituo. Hizo zinazuia vifo vya karibu. Dola 3,010 zinazofuata zinunue haidroksiklorokwini ya mwaka mzima kwa mkupuo, isije ikakatika tena kama mwaka 2020, wakati dunia iligombania vidonge hivyo kwa ajili ya Korona na wagonjwa wa lupus wakakosa. Kisha ANA 50 kwa mwaka kwa wenye dalili nzito, na sanduku la barafu la kila mwezi. Komplementi na kingamwili za DNA zije baada ya hapo, kwanza kwa wale 18 wenye figo zilizoguswa na kwa wajawazito.

Mara nyingi mpangilio huu hugeuzwa: mgonjwa anaombwa kwanza jibu la Kigali, na kijiti cha mkojo kinabaki kwa siku nyingine. Zoni yenye vijiti 528 na daftari la majina 44 inajua nani figo zake zimeanza kuvuja mwezi huu. Zoni yenye majibu ghali ya miezi sita iliyopita haijui, hata kama karatasi zake zimetoka maabara bora kuliko zote za ukanda.